Kiti Kitupu Katika Ndege ya Songea

Kaka yangu Magesa,

Nakuandikia nikiwa kazini, katika kile chumba kidogo cha uwanja wa ndege wa Musoma chenye dirisha la kutazama ziwa. Wiki hii haijatua ndege hata moja. Mafuta yameadimika, na kazi yangu imebaki kusoma kipimo cha mvua asubuhi, kuandika upepo unatoka wapi, na kufukuza mbuzi wa watu wa Mwisenge wanaokuja kulala kwenye njia ya kurukia. Kwa hiyo nina muda, na jambo la kukuambia ninalo tangu miaka mingi. Ulikuwa hai nikashindwa kulisema. Sasa una zaidi ya mwaka kaburini, ndipo kalamu imekubali.

Naanzia nyumbani, kule kati ya Bunda na Kisorya, maana ndiko yalikoanzia. Unakumbuka ulivyonifundisha kusoma? Shule ilikuwa haijanichukua bado. Wewe ulikuwa unarudi mchana na vumbi la njiani, unanikalisha juu ya magunia ya pamba yaliyokuwa yakisubiri kupelekwa mnadani, unanionyesha herufi zilizopigwa chapa kwenye magunia. Herufi yangu ya kwanza niliisoma nikiwa nimeikalia. Mama alikuwa hai wakati ule, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Baba hakucheka. Alikuja akasimama, akatutazama, akasema, "Mimi barua zangu nilikuwaga namtafuta mtu wa kunisomea. Kuanzia leo sitafuti mtu. Mtanisomea nyinyi wawili, na mimi nitaamini."

Mwaka ule ndio uliokuwa wa Uhuru. Nakumbuka ulivyorudi kutoka Bunda umepakwa bendera shavuni na mtu usiyemjua, ukakataa kunawa siku mbili.

Ulimaliza ualimu, ukapangiwa Songea. Siku uliyopata barua ya kupangiwa ulinipeleka shuleni, tukamwomba mwalimu atufungulie ramani ya nchi. Uliweka ncha ya uzi kwenye Musoma, ukauvuta chini, chini, chini, mpaka Songea. Uzi haukukaa upande sana, ulishuka karibu wima kama uzi wa fundi mwashi. Ulipima, ukaandika hesabu kwenye kiganja: kilomita elfu moja na kidogo, kama arukavyo ndege wa angani. Tulipofika nyumbani baba akauliza, "Ni mbali kuliko Kisumu?" Kisumu ndiko alikowahi kufika katika ujana wake, na kwake huko ndiko kulikokuwa mwisho wa dunia.

"Ni Kisumu mara tano, baba."

"Basi huko siyo kwetu tena."

"Ni nchi moja sasa, baba."

Kesho yake alikuchinjia mbuzi.

Safari yako ya kwanza ilikuchukua siku sita. Basi mpaka Mwanza, treni mpaka Dodoma, kisha mabasi ya Iringa na Njombe ambayo uliniandikia kwamba yalikwama kwenye tope mpaka abiria wakashuka wakasukuma. Mimi nikamaliza darasa la saba, nikapata kazi hapa uwanjani, ya kupima hali ya hewa na kupokea sauti za marubani kwenye redio. Jambo la kwanza nililomuuliza rubani, hata kabla sijajua vizuri vyombo vyangu, lilikuwa hili: kutoka hapa mpaka Songea ni muda gani? Akaniambia kwa ndege zao ndogo za injini mbili ni saa nne na ushei hewani, pamoja na kama saa moja ya kutua Dodoma kujaza mafuta. Nilikuandikia siku hiyohiyo. "Kaka, tulidanganywa na treni. Hatuko mbali. Ni saa nne tu." Ukanijibu, "Saa nne kwa wenye ndege, Nyangeta. Kwetu sisi bado ni siku sita." Barua hiyo ninayo.

Sasa naja pale penye uzito.

Mwaka wa kuhamia vijijini, mtendaji alikuja nyumbani na watu wawili wa chama, wakamwambia baba kwamba kaya zote za upande ule wa ziwani zitahamia kijiji kipya kando ya barabara. Shule itajengwa kule, zahanati itajengwa, maji yataletwa kwa bomba. Baba aliwakaribisha, akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho. Halafu akawaonyesha kaburi la mama. "Huyu mtamhamishaje?" Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alivua kofia. Lakini walikuwa na amri na walikuwa na tarehe.

Nilipokwenda kumsalimia Jumamosi iliyofuata, baba aliniambia, "Mwandikie kaka yako. Yeye ni mtu wa serikali, anajua ya serikali. Atakachosema ndicho nitakachofanya."

Nikakuandikia. Wakati tunangoja jibu lako, mambo yalianza kunibana mimi. Mkuu wangu wa kazi aliniita, akafunga mlango. Alisema amesikia huko Bunda kuna mzee mmoja mkaidi, majirani wanamtazama yeye, asipohama nao hawahami. "Ni baba yako," akasema. "Na wewe unakula mshahara wa serikali." Akafungua mlango. Wiki ileile nilipita kwa jirani yetu Masatu nikakuta paa lake limeng'olewa, mkewe amekaa katikati ya kuta nne na jua linampiga, anachambua mboga kana kwamba bado yuko ndani. Kaka, niliogopa. Niliogopa watamburuta baba, atajibu kwa fimbo, watamuumiza. Niliogopa pia kazi yangu. Sitaki kuitaja ile hofu ya kwanza peke yake nikaificha ya pili. Zilikuwa mbili.

Barua yako ikafika. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba changu Mwisenge. Uliandika hivi, maana maneno yake nayajua kama sala: "Mwambie baba asihame kwa kuogopa. Asigombane na mtu. Awaombe viongozi wamsubiri mpaka likizo ifike, nije, niongee nao mwenyewe. Wazee wa huku wengine wamesikilizwa. Asiondoke kabla sijafika."

Jumamosi nikapanda basi mpaka Bunda, nikatembea mpaka nyumbani. Baba alikuwa shambani anavuna pamba. Aliponiona na bahasha aliacha kazi, akaja kukaa kwenye kigoda, akavua kofia kama mtu anayeingia kanisani. "Soma," akasema.

Nilifungua karatasi yako. Niliitazama. Nikasema, "Kaka anasalimu sana. Anasema, baba, hama. Anasema huku aliko watu wamehama na wanaishi vizuri. Anasema kijiji kipya kina manufaa, usipingane na serikali. Atakuja likizo akusaidie kujenga."

Baba akauliza, "Magesa ndiyo amesema hivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Soma tena hapo pa kuhama."

Nikasoma tena, Magesa. Kidole changu kilikuwa juu ya neno "asihame" na mdomo wangu ukasema "hama." Mara mbili. Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, akavaa kofia yake. "Haya. Kama ni yeye." Akaenda kaburini kwa mama, akakaa huko mpaka nikamaliza kupika.

Alihama bila kelele. Aliondoa paa lake mwenyewe ili asije mtu mwingine akaling'oa. Lori lilipokuja alipandisha vyungu, kitanda, majembe na kuku wawili, na majirani walipoona yeye amepanda, nao wakapanda. Kule kijiji kipya kulikuwa na vijiti tu vilivyochomekwa ardhini kuonyesha hapa ni kwa fulani, hapa ni kwa fulani. Bomba lilikuwa bado. Tuliezeka upande mmoja wa kibanda na mvua ikaanza mapema mwaka ule. Mimi nilikuwa naandika hapa ofisini milimita zake, na kila milimita niliyoandika nilijua imemwangukia nani. Ndani ya mwezi mmoja kifua kikamshika.

Sikujua kwamba alikuwa amemwomba katekista amwandikie barua kwako, kukuuliza kwa nini ulimwambia ahame. Nilijua pale uliponiletea swali. Barua yako ilikuwa na mstari mmoja. "Nyangeta, ulimsomea nini baba?"

Sikujibu. Niliikunja, nikaiweka kwenye sanduku chini ya vitenge, na kila nilipotaka nguo nilikuwa napitisha mkono pembeni.

Baba alipozidiwa tulimleta hospitali Musoma. Daktari aliniambia kama kuna ndugu wa mbali waitwe. Nikakupigia telegramu. Halafu bahati ikajitokeza, au niliyoidhania bahati: kwenye redio nikasikia kwamba ndege ndogo ya serikali inakuja Musoma kutoka Songea, imebeba wakaguzi watatu, na ina viti vinne vya abiria. Niliomba. Sijawahi kuomba kitu kwenye redio ile kabla ya siku hiyo wala baada yake. Rubani alinijua kwa sauti, miaka mingi tulikuwa tunapeana upepo na mawingu. Akasema, "Mwambie awe uwanjani saa mbili asubuhi. Kiti ni chake." Shuleni kwenu wakakupa ujumbe, ukajibu utakuja.

Nilikwenda wodini kumwambia baba. Aliamka, Magesa. Alikuwa hajakaa kitako siku tatu, akakaa. Akaomba anyolewe ndevu. Akaomba koti lake. "Anakuja na ndege?" akauliza, na alicheka kidogo mpaka kikohozi kikamkatiza. "Mtoto wangu anakuja na ndege kuniona."

Asubuhi ile nilikaa naye kwanza, nikimhesabia. Sasa wameruka. Sasa wako juu ya Iringa. Sasa wametua Dodoma, wanajaza mafuta. Alikuwa ananishika mkono kila nikitaja mahali, kana kwamba ndiye aliyekuwa anaendesha. Aliniambia, "Nina neno naye. Siyo la ugomvi. Nataka anielezee tu kwa nini."

Ilipobaki saa moja nilikimbia huku uwanjani. Nilifukuza ng'ombe kwenye njia ya kurukia, nikasoma upepo, nikamwambia rubani ashuke akitokea upande wa ziwani. Ndege ikatua, ikaja ikasimama. Mlango ukafunguliwa. Akashuka mkaguzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikangoja wa nne. Niliinama nikachungulia ndani. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, mkanda wake umefungwa juu ya kiti chenyewe.

Rubani alivua miwani. "Alikuja," akaniambia. "Alikuwa na mkoba. Alisimama pale kwenye ngazi muda mrefu. Nilipowasha injini akarudi nyuma, akatupungia mkono tuondoke. Nikadhani amepata ujumbe kwamba mzee amefariki."

Nilirudi wodini kwa miguu, polepole, sikutaka kufika. Baba alikuwa ametazama mlango. Nikamwambia ndege imeharibika Dodoma, utafika kesho. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kwake, na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza. Akasema, "Haya. Kesho siyo mbali." Akaomba alazwe, koti akabaki nalo. Alfajiri, kabla daktari hajapita, akafa.

Tulimrudisha kwake, si kijijini kwenye vijiti, bali kule kwa mama. Viongozi walikubali. Masatu na wenzake ndio waliochimba.

Wewe ulifika siku ya nane, kwa mabasi na treni, umekonda, viatu vimeliwa na tope. Ukoo ulikuwa umekaa. Baba mdogo, aliyekuwa ametoka kwake upande wa Butiama, ndiye aliyekuwa anasimamia msiba. Hakukupa mkono. Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Kaka yangu alikuwa na nyumba. Wewe ulimtoa kwenye nyumba yake kwa barua, ukamweka kwenye mvua. Ameniambia mwenyewe, ni neno la Magesa. Kweli siyo kweli?"

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la michembe ya viazi vitamu na chai, nawagawia wazee. Nilisimama. Nilingoja useme. Ulinyanyua macho ukanitazama mimi, kaka, mimi peke yangu katika watu wote wale. Najua ulikuwa unanipa nafasi. Nilitazama sinia.

Ukasema, "Ni kweli, baba. Niliandika mimi."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Walipoanza kunyoa watu nywele za msiba, baba mdogo alikuruka. Alinyolewa kila mtoto wa ukoo, hata wachanga, wewe mwana wa kwanza wa marehemu ukabaki na nywele zako. Ulikaa kwenye ukingo wa shamba la pamba mpaka shughuli ikaisha.

Kesho yake nikakusindikiza Bunda kungoja basi. Tulipokaa pale kwenye benchi la mgahawa, chai ikapoa mbele yetu, ndipo ulipoanza kusema.

"Kiti kilikuwepo," ukasema.

"Najua. Rubani aliniambia."

"Nilishika mlango wa ndege. Nikawaza, nikifika ataniuliza kwa nini. Nikisema ukweli, nimemwambia mtu anayekufa kwamba binti yake alimdanganya. Nikikubali ni mimi, anakufa akiniona mimi ndiye niliyemtupa. Saa nne, Nyangeta, hazikutosha kuchagua. Nikasema nitapanda treni, nitafikiri njiani." Ulisogeza kikombe pembeni. "Nilijua treni haitamkuta. Nilijua, nikaipanda."

Nikakuuliza kwa nini hukuwaambia jana mbele ya watu.

"Wewe ndiye unayebaki nao. Mimi nina pa kwenda." Basi lilikuwa limeshafika, utingo anaita watu wa Mwanza. Ukasimama, ukachukua mkoba. "Utasema mwenyewe siku utakayoweza. Si ndiyo?"

"Nitasema."

Hukurudi tena mkoani Mara. Barua zetu zikawa fupi, salamu na hali ya hewa, mimi nakuandikia mvua ya Musoma na wewe unaniandikia baridi ya Songea. Ulioa, sikuja. Ulizaa binti, ukampa jina la mama, Nyabuso. Ukazaa wa pili, ukampa langu. Siku niliyopata barua ya jina lile nilifunga ofisi nikaenda kukaa ufukweni mbali na watu. Ulikuwa umenisamehe kwa namna ambayo singeweza kuibeba. Na bado sikusema. Kila Krismasi nilikwenda kwa baba mdogo, nikapika, nikaosha vyombo, nikasikia wakisema "yule wa Songea" bila kutaja jina lako, nikakausha mikono na kunyamaza.

Telegramu ya kifo chako niliipokea hapahapa. Malaria iliyopanda kichwani, siku tatu tu. Nje ya dirisha langu ilikuwa imesimama ndege, ndege nzima, nzuri, na rubani wake alikuwa amekaa chini ya bawa anavuta sigara. Nilimwendea na karatasi mkononi. Aliisoma, akaniinamishia kichwa. "Dada, sina mafuta hata ya kufika Mwanza."

Nilipanda basi. Nilipanda treni. Nilisukuma basi la Njombe kwenye tope, kama wewe. Siku sita. Katika hizo siku sita sikulala vizuri hata mara moja, na kila kituo nilikuwa najiambia kwamba hapa, kwa ndege, ni dakika fulani. Nilikuta udongo wa kaburi lako umeshakauka na wifi yangu ameshakunja mikeka.

Wifi ni mtu mwema. Alinipa maji ya kuoga kabla ya kuniuliza lolote. Baadaye alisema, "Nilimuuliza miaka yote kwa nini haendi kwao. Alikuwa akisema tu kwamba kwao ni mbali."

Nikamweleza. Yeye ndiye mtu wa kwanza. Nilitoa yote, la kidole na la mdomo, la sinia, la benchi pale Bunda. Alisikiliza huku anachambua mchele, na alipomaliza mchele akaanza kuuchambua upya. Mwishowe akasema, "Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Lakini wanangu hawana ukoo wa baba. Hilo ni lako kulitengeneza."

Niliporudi sikupita Mwisenge kuweka mzigo. Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Amezeeka sasa, macho yana ukungu. Alikuwa amekaa na mkewe wanapukuchua mahindi. Niliomba wote wa nyumbani wakae. Nikasema, "Barua ile Magesa aliandika baba asihame. Mimi ndiye niliyesoma vingine."

Hakukasirika kwa sauti. Ningependa angekasirika. Aliweka gunzi chini, akauliza, "Alijua?"

"Alijua."

"Na siku ile alisema ni yeye."

"Ndiyo, baba."

Mkewe akaanza kulia polepole. Baba mdogo akasema, "Mimi nilimnyima mtoto wa kaka yangu wembe." Alirudia hivyo kama mara tatu, hanisemeshi mimi. Kisha akanigeukia. "Walete watoto wake. Waje waone kwao, waonyeshwe makaburi, wajue majina. Wewe ukishawaleta, ishia barabarani. Kwangu usiingie mpaka nitakapokuita."

Wamekuja, kaka. Mwezi uliopita. Mafuta yalipatikana kwa wiki moja tu, na rubani yule wa zamani, ambaye sasa ana mvi, aliwapa viti vya wakaguzi wawili walioahirisha safari. Asubuhi walikunywa uji kwa mama yao Songea, na saa nane mchana nilikuwa nawafungua mikanda hapa Musoma. Nyabuso ana paji lako la uso. Mdogo, huyu mwenye jina langu, alikuwa ametapika safari nzima na bado anauliza kama watarudi na ndege ileile. Nikawapa sato na ugali wa muhogo, wakala samaki kwa uangalifu wa watu wasiozoea miiba yake.

Kesho yake tukapanda basi, tukashuka kwenye njia panda ya kwenda Butiama. Baba mdogo alikuwa amekuja mwenyewe kutupokea, amesimama kwa fimbo, amevaa koti. Hakunitazama. Aliinama, akashika vichwa vyao kwa mikono miwili, kimoja, kisha kingine, akawauliza majina. Mkubwa akataja lake. Mdogo akasema, "Naitwa Nyangeta."

Mzee aliegemea fimbo yake. Halafu akamshika mkono. "Haya, Nyangeta. Twende nyumbani."

Wakaanza kutembea. Walipofika mbali kidogo mtoto akageuka, akanipigia kelele, "Shangazi, wewe huji?"

"Nendeni tu," nikamwambia. "Nitawangoja hapa barabarani."

Niliwangoja siku nne, kila siku napanda basi la asubuhi kutoka Musoma na kurudi na la jioni, wasije wakatoka mapema wakanikosa. Siku ya nne mke wa baba mdogo ndiye aliyewaleta. Hakusema kitu cha kuitwa wala cha kutoitwa. Watoto wako walikuwa wamenyolewa nywele, wote wawili, vichwa vinang'aa kwa mafuta.

Mpaka leo sijaitwa. Sijui kama nitaitwa. Nimekuandikia ili ujue kwamba umerudishiwa jina lako, na kwamba nilichelewa, na kwamba ninajua nilivyochelewa.

Pumzika, kaka. Upande wako wa nchi leo wamesema kuna mawingu.

Ni mimi dada yako,
Nyangeta